Vitabu vya Chini ya Dawati



Katika shule yo yote ya bweni kuna maktaba mbili. Ya kwanza ina makabati, na orodha, na mwalimu mwenye ufunguo. Ya pili haina kabati wala ufunguo. Vitabu vyake hupita kutoka kitanda hadi kitanda, vimekwisha poteza majalada, na mara nyingine hata ukurasa wa mwisho umeng'oka. Vitabu vya maktaba ya kwanza husomwa juu ya dawati, na vya maktaba ya pili husomwa chini yake. Hivi vya chini ni hadithi za upelelezi, hadithi za mapenzi, hadithi za makauboi, na hadithi zilizoandikwa kwa ajili ya watoto na vijana.

Katika somo hili nataka kueleza vitabu hivyo vimeundwaje, na vina faida gani kwa kijana anayejifunza Kiswahili hapa Mbale au kule Jinja. Sivitetei vyote, maana vingine havifai hata kufungia karanga. Nia yangu ni kwamba tuvisome kwa akili, tumtambue fundi na namna alivyojenga, halafu tujaribu kujenga vya kwetu. Mwisho wa somo nitaonyesha kwa nini jambo hili si mchezo kwa nchi yetu ya Uganda.

1. KILA AINA INA SWALI LAKE

Hadithi inayopendwa na watu wengi husimama juu ya swali moja. Msomaji hulipata swali hilo mapema, na hafungi kitabu mpaka amejibiwa. Hadithi ya upelelezi huuliza: Nani amefanya, na atajulikanaje? Hadithi ya mapenzi huuliza: Je, hawa wawili watapatana? Hadithi ya kauboi huuliza: Mahali ambapo sheria haijafika, nani atasimama upande wa haki? Na hadithi ya vijana huuliza: Je, wadogo wataweza bila msaada wa wakubwa?

Ukilijua swali, umeijua aina. Tena utaona kwa nini mtu aliyesoma hadithi hamsini za namna moja bado hutafuta ya hamsini na moja. Swali ni lile lile, lakini mahali, watu na vizuizi ni vipya. Ni kama mchezo wa mpira: sheria hazibadiliki, wala hakuna anayejua mapema nani atafunga.

2. HADITHI ZA UPELELEZI

Katika Kiswahili jina la kwanza la kutajwa hapa ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, katika kisiwa cha Unguja. Alifanya kazi ya serikali, kisha akawa mhariri wa magazeti, kwanza Zanzibari na baadaye Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo. Mwaka 1948 kulianzishwa shirika lililoitwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, lenye matawi Kampala na Dar es Salaam, ili kuchapa vitabu kwa lugha za Afrika Mashariki. Shirika hilo liliweka mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, na Abdulla akashinda kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale. Ilichapwa kuwa kitabu mwaka 1960.

Mpelelezi wake anaitwa Bwana Msa. Huvuta kiko, hutazama vitu vidogo ambavyo wengine wamevipita, na ana rafiki yake Najum, ambaye huuliza maswali yale yale ambayo sisi wasomaji tungeuliza. Aliyemsoma Sherlock Holmes wa Conan Doyle, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1887, atatambua mara moja kiko kile na rafiki yule vimetoka wapi. Abdulla hakuvificha. Lakini tazama alichotia mwenyewe: mashamba ya Unguja, jamaa wenye siri za ukoo, na maiti iliyokutwa kwenye mzimu, mahali ambapo watu huogopa kupita. Kila mtu yu tayari kusema kuwa mizimu imefanya. Bwana Msa peke yake anasema kuwa mzimu haushiki silaha, na kwa hiyo tumtafute binadamu. Hapo hadithi ya kigeni ilipata kazi mpya, yaani kumfundisha msomaji wa kwetu kutafuta sababu ya jambo kabla ya kuliogopa.

Baada yake walifuata wengine. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na uhalifu ukahama kutoka mashamba ukaingia mjini Dar es Salaam, penye simu na magari. Mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona. Shujaa wake, Willy Gamba, ni mpelelezi wa serikali, na adui zake ni wale waliotaka kuzuia ukombozi wa nchi za kusini mwa Afrika. Kisha Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Hivyo katika muda wa miaka isiyozidi thelathini mpelelezi wa Kiswahili alitoka shambani, akafika mjini, akalitumikia bara zima.

Sasa tutazame ufundi wenyewe. Kanuni kubwa ya hadithi ya upelelezi ni kwamba alama zote ziwekwe mbele ya msomaji, lakini ziwekwe kwa namna ambayo hatazitambua. Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Tuseme kuna ghala la kahawa hapa katika mtaa wa viwanda wa Mbale. Jioni magunia mia mbili yamehesabiwa, na asubuhi yako mia mbili. Kufuli ni zima, na mlinzi anaapa kwamba hakulala. Lakini mnunuzi anafungua gunia moja, anakuta maganda matupu. Nani amebadilisha, na lini?

Alama yetu ni uzi. Magunia yote yameshonwa kwa uzi wa katani, ila matatu yameshonwa kwa uzi wa nailoni, nao ni uzi ule ule ambao fundi fulani wa viatu hutumia barazani karibu na lango. Mwandishi asiyejua kazi atalificha jambo la uzi mpaka mwisho, ndipo mpelelezi atangaze, "Niliuona uzi!" Msomaji atakasirika, na ana haki, maana amechezewa mchezo wenye karata zilizofichwa. Mwandishi anayejua kazi ataitaja rangi ya uzi ule katika ukurasa wa tatu, upesi upesi, pamoja na harufu ya vumbi, na panya, na redio ya mlinzi. Msomaji atasoma na kupita. Mwishoni atajipiga kofi pajani na kusema, "Kumbe niliambiwa!"

Hatukosi mambo ya kuandika. Wazee wa mlima Masaba wanaukumbuka wakati wa magendo. Mwezi wa Julai mwaka 1975 baridi kali iliua mikahawa mingi ya Brazil, na katika mwaka 1976 na 1977 bei ya kahawa duniani ikapanda ajabu. Lakini mkulima wa Uganda alilipwa kidogo na bodi ya serikali, tena kwa shilingi iliyokuwa inapoteza thamani. Basi kahawa ilipanda mlima usiku, juu ya vichwa vya watu na migongo ya punda, ikashuka upande wa Kenya katika soko la Chepkube. Wako waliotajirika kwa mwaka mmoja, na wako waliokamatwa. Mwandishi gani atake kisa kingine? Tena swali lililomo ni gumu kuliko la kumtafuta mwizi: mtu anayeuza jasho lake mwenyewe mahali anapolipwa, je, naye ni mwizi?

3. HADITHI ZA MAPENZI

Wavulana husema kuwa hizi ni za wasichana, lakini nakala zinazopotea katika mabweni ya wavulana zasema vingine. Kampuni ya Mills & Boon ya London ilianzishwa mwaka 1908. Mwanzoni ilichapa vitabu vya kila namna, baadaye ikashika mapenzi peke yake, na jina lake limekuwa kama jina la aina yenyewe.

Nguvu ya hadithi ya mapenzi iko katika kizuizi. Wawili wakipendana leo na kuoana kesho, hakuna hadithi, kuna arusi tu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwuliza mwandishi ni hili: Kitu gani kinawazuia, na kina uzito gani? Katika vitabu vingi vya Kiingereza vya namna hii kizuizi ni kutoelewana tu: barua imepotea, au mtu amemwona mwenziwe na binamu yake akadhani ni mchumba. Hicho ni kizuizi chepesi, maana maneno mawili ya kweli yangekiondoa.

Huku kwetu vizuizi vina uzito wa mawe. Kijana wa Kimasaba hawezi kumwoa msichana wa ukoo wake, hata kama hawakupata kuonana kabla. Mwislamu na Mkristo wakipendana, nyumba mbili huzuka maneno. Kuna lugha: msichana anasema Ateso nyumbani, mvulana anasema Lumasaba, na Kiswahili cha sokoni ndicho kilichowakutanisha. Kuna umri na heshima: kijana ambaye bado hajatahiriwa katika imbalu, ambayo huja mwaka wa shufwa na kufunguliwa kwenye uwanja wa Mutoto, atajionaje mbele ya wazee wa msichana? Na kuna mahari. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua, katika kesi iliyoletwa na shirika la MIFUMI lenye asili yake huko Tororo, kwamba mahari yenyewe si kinyume cha katiba, lakini kumlazimisha mke airudishe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Fikiri mama ambaye kwa miaka mingi alivumilia nyumba mbaya kwa sababu baba yake alikwisha wauza ng'ombe wale. Baada ya hukumu ile, atafanya nini? Hiyo ni hadithi ya mapenzi pia, ingawa haianzi kwa maua.

Katika Kiswahili, Zainab Burhani alitoa Mali ya Maskini mwaka 1981. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, si ya kufurahisha tu. Ni kisa kizito cha msichana aliyelelewa kwa ukali, akaharibikiwa. Ilikatazwa katika shule za Tanzania kwa muda, na baadaye ikaingizwa katika masomo. Kitabu ni kile kile, hakuna neno lililobadilika, lakini kilitoka chini ya dawati kikawekwa juu yake. Wenye kutunyang'anya vitabu walifikiri habari hiyo, nasi pia tuifikiri kabla ya kukidharau kitabu kwa jalada lake.

4. HADITHI ZA MAKAUBOI

Aina hii ilizaliwa Marekani. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha mwaka 1865, ng'ombe wengi wa Texas walikuwa hawana soko. Mwaka 1867 soko la ng'ombe lilifunguliwa Abilene, katika Kansas, palipofika reli. Vijana wakapanda farasi wakaswaga makundi kwa wiki nyingi mpaka relini. Kazi hiyo ilidumu kiasi cha miaka ishirini tu, kisha seng'enge na reli mpya zikaimaliza. Lakini vitabu vyake havikwisha. Owen Wister alitoa The Virginian mwaka 1902. Zane Grey, aliyekuwa daktari wa meno kabla ya kuwa mwandishi, alitoa Riders of the Purple Sage mwaka 1912. Karl May wa Ujerumani alitoa Winnetou mwaka 1893, naye hakukanyaga Marekani mpaka mwaka 1908!

Sinema zilizitawanya hadithi hizo po pote. Katika miji ya migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, vijana wa miaka ya 1950 walimwita kila shujaa wa farasi kwa jina moja, Jeke, wakamshangilia kwa sauti hata maneno ya sinema yasisikike. Leopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, vijana walijiita "Bill" kwa kumfuata Buffalo Bill, wakavaa kama yeye, na hata wakawa na lugha yao. Kwa nini wafanyakazi na vijana wa mitaa ya Kiafrika walimpenda mzungu mwenye kofia? Nadhani kwa sababu alikuwa mtu asiye na bwana juu yake. Aliyeamriwa mchana kutwa alikwenda jioni kumtazama mtu asiyeamriwa.

Lakini somo la kweli la aina hii ni kutazama nani ameachwa nje. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba katika makauboi wa kweli labda mmoja katika wanne alikuwa mtu mweusi, na wengine wengi walikuwa Wamexico. Katika vitabu vya zamani huwaoni. Na wenyeji wa nchi ile, walionyang'anywa ardhi yao, wamefanywa kuwa kelele tu nyuma ya kilima, watu wa kupigwa risasi bila jina.

Hapa ndipo sisi wa mashariki ya Uganda tuwe waangalifu sana, maana nchi ya namna hiyo tunayo karibu. Kaskazini yetu kuna mbuga za Karamoja, kuna ng'ombe, kuna uwindaji wa mifugo, kuna bunduki. Mwaka 1979, Amin alipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilifunguliwa na bunduki zikaenea. Katika miaka iliyofuata Teso ilipoteza ng'ombe wengi mno, na watu wa Sebei walihama kutoka mabondeni. Mwandishi kijana anaweza kuandika hadithi nzuri ya mapambano kwa habari hizo. Lakini akimfanya Mkaramoja kuwa kelele nyuma ya kilima, amerudia kosa lile lile la vitabu vya Marekani. Wako watu wa Karamoja hapa Namatala, tunawaona kila siku wakifanya kazi ngumu kwa malipo madogo. Nani amewauliza njaa na ukame ulikuwaje, au askari walifanya nini walipokuja kukusanya silaha? Hadithi ya mapambano yenye haki humpa kila upande jina, mama, na sababu.

5. HADITHI ZA WATOTO NA VIJANA

Fundi wa hadithi za vijana ana kazi moja ya lazima: kuwaondoa wazazi. Watoto wakiwa na baba karibu, baba atapiga simu polisi na hadithi itakwisha. Kwa hiyo Enid Blyton wa Uingereza, aliyeanza hadithi za watoto wake watano mwaka 1942 akaendelea hadi vitabu 21, huwapeleka likizo mahali pa mbali. Hadithi za ndugu wawili wa Hardy zilianza Marekani mwaka 1927, na jina la Franklin W. Dixon lililo juu ya jalada si la mtu. Ni jina la biashara, nyuma yake waliandika watu mbalimbali waliopewa mpango wa kisa tayari.

Vitabu vya safari na hazina vilifika mapema katika Kiswahili. Mwaka 1929 vilitoka Kisiwa chenye Hazina, kutoka kwa Stevenson, na Mashimo ya Mfalme Sulemani, kutoka kwa Rider Haggard. Babu zetu walivipenda. Lakini katika kile cha pili Mwafrika ni mbeba mizigo, au mfalme wa kustaajabiwa, na anayeona mambo na kuyasimulia ni mgeni.

Uganda ilipata jibu lake kwa Barbara Kimenye. Alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akaishi sana Uganda na Kenya, akafa mwaka 2012. Tangu miaka ya 1960 aliandika vitabu vya Moses, kijana mtundu wa shule ya bweni ya Bwana Mukibi, pamoja na wenzake kama King Kong. Huyu hakuhitaji kwenda kisiwani. Shule yetu ya bweni inatosha, maana wazazi wako mbali, sheria ni nyingi, chakula ni kile kile, na mkuu wa shule hajui yote. Kila msomaji anamfahamu King Kong wa darasa lake. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza.

Jinja nayo ingeweza kuzaa hadithi ya vijana. Tembea katika barabara yake kuu, utaona majengo ya zamani yaliyoandikwa ukutani jina la mwenyewe na mwaka wa kujengwa. Mwezi wa Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Watu walifunga milango wakaenda. Tuseme watoto watatu wa leo wanakuta ufunguo wenye kutu, na jina lililo juu ya kibao chake ni lile lile lililo ukutani. Watautafuta mlango. Na wakiupata, watajifunza historia bila kujua kuwa wamekaa darasani.

6. KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Sasa nifike kwenye shabaha. Kiswahili kilikuja kwetu kwa njia nyingi: wafanya biashara, reli, polisi, jeshi, viwanda. Hata Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikaa Makerere tangu mwaka 1952 kwa miaka kumi. Lakini wengi wa wazee wetu walikisikia Kiswahili kwa ukali zaidi penye kizuizi cha barabarani, kinywani mwa askari. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na jambo hilo halikuwaongezea raia upendo. Ndiyo maana mpaka leo yuko mzazi atakayekuambia kuwa hiyo ni lugha ya wanyang'anyi.

Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikiweka katika masomo ya lazima ya miaka miwili ya kwanza, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Haya ni mema. Lakini amri humfikisha mwanafunzi mlangoni tu. Atakayeingia ndani na kukaa ni yule aliyevutwa na kitu. Mtoto aliyejifunza ngeli peke yake atazisahau baada ya mtihani. Mtoto aliyetaka kujua nani alimwua Bwana Ali kule mzimuni amejifunza ngeli njiani, bila kuhesabu.

Na tazama hali ilivyo. Wapelelezi mashuhuri wa Kiswahili wanakaa Unguja na Dar es Salaam. Kauboi anakaa Marekani. Moses ni wetu, lakini anasema Kiingereza. Katika vibanda vya video filamu za nje hufasiriwa na viijei, ambao hutia majina ya mitaa yetu na mizaha yetu katika vinywa vya Wachina na Wamarekani, na watu hucheka mpaka machozi. Lakini hao husema Luganda. Viijei wamekwisha tuonyesha njia. Mtu hupenda kisa cha mbali zaidi akikisikia kwa sauti ya nyumbani.

Wengine wataogopa kuandika kwa sababu Kiswahili chetu cha Mbale si kama cha Unguja. Shauri langu ni hili. Msimulizi aandike Kiswahili sanifu, kwa bidii, kama tulivyofundishwa. Lakini watu wa hadithi waseme kama wanavyosema. Dereva wa lori akisema, "Mimi iko na mzigo ya Soroti, wewe nataka nini?", mwache aseme hivyo. Akisema kama mshairi wa Mombasa hatutamwamini, na hadithi isiyoaminiwa imekufa.

Walimu wana hoja yao, nayo ni ya haki. Vitabu hivi hula saa za kusoma, na mtihani wa UNEB hauulizi habari za Willy Gamba. Vingine hufanya damu kuwa kitu chepesi, na wanawake kuwa mapambo ya chumba. Kwa hiyo tusome kwa mpango: kimoja cha chini ya dawati kwa viwili vya juu yake. Na tukisoma, tushike kalamu ya risasi, tuandike pembeni: Swali la hadithi ni lipi? Limeanza ukurasa gani? Nani ameachwa nje? Anayeweza kujibu hayo matatu hakupoteza saa zake.

7. ZOEZI

(1) Chagua kitabu kimoja ulichosoma mwaka huu. Andika kwa sentensi moja swali lililokufanya usikifunge.

(2) Ukitumia mfano wa ghala la kahawa, andika ukurasa wa tatu wa hadithi ile. Taja uzi, lakini msomaji asiutambue. Mpe mwenzako asome, kisha umwulize anakumbuka nini. Akitaja uzi kwanza, andika tena.

(3) Taja vizuizi vitatu vinavyoweza kuwatenga wawili wanaopendana katika mtaa wenu. Futa kile ambacho maneno mawili ya kweli yangekiondoa.

(4) Simulia uwindaji mmoja wa ng'ombe mara mbili: kwanza kama alivyouona kijana wa Teso, pili kama alivyouona kijana wa Karamoja aliye rika lake. Kila mmoja awe na jina, mama, na sababu.

(5) Kwa wanafunzi wa zamani: ninyi mliofanya kazi viwandani Jinja, mliosafiri kwa treni ya Soroti, au mliokuwa vijana wakati wa Chepkube, tuandikieni ukurasa mmoja wa jambo mliloliona kwa macho yenu. Msiogope lugha, sisi tutasaidia katika ngeli, ninyi mtusaidie katika kisa. Kurasa za Kiswahili za gazeti hili ziko wazi, na kidato cha kwanza wanangojea kitu cha kusoma.